Chaki ya Mwatumu

Mnaipiga makofi. Mnaitukana. Duara linazunguka kwenye kioo, nanyi mnakodoa macho na kusema kompyuta hii mbovu, kompyuta hii imechoka, kesho nainunulia shoka. Haya, kaeni chini. Si mbovu, wala haijachoka. Ina kisa chake, tena kisa chenyewe kichungu, na anayetaka kitamu aende kwa muuza kashata.

Ilikuwa katika siku ambazo kompyuta haikujua kukwama. Ndani ya kila moja mna uwanja, hata kama wewe ukifungua kifuniko huoni ila vumbi na nyaya. Uwanja huo umetandikwa mikeka, na mikeka ina idadi yake, haiongezeki kwa kulia wala kwa kuomba. Kila kazi unayoifungua ina mtu wake, na mtu huyo lazima apate mkeka wa kukalia. Kazi ndogo hutosheka na mikeka miwili. Kazi kubwa hutaka mia, mia mbili, na bado ikalalamika kubanwa.

Aliyefanya kazi zote za uwanjani alikuwa mmoja tu, Fundi Ngwali. Mikono miwili, lakini myepesi ajabu. Alikuwa akiruka kutoka mkeka huu hadi ule, akimgusa huyu, akimwandikia yule, na kabla hujapepesa jicho keshazunguka uwanja mara elfu. Alikuwa na ila moja tu. Hakuweza kumgusa mtu asiye juu ya mkeka. Mtu akiwa nje ya uwanja, kwa Ngwali ni kama hayupo.

Chini ya uwanja, mwisho wa mteremko mrefu, palikuwa na ghala. Ghala kubwa, la baridi, lenye rafu na majina, na kila kilichowekwa rafuni kikapewa jina kilikaa hapo miaka. Lakini kwenda ghalani na kurudi kulichukua muda mrefu mno, kiasi kwamba Ngwali angeweza kufanya kazi za mwezi mzima huku akimngoja mchukuzi mmoja apande mteremko. Na katika pembe moja ya ghala hilo palikuwa na ua mtupu, hauna rafu, hauna jina. Mjenzi aliuacha hivyo, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua ni wa nini.

Msimamizi wa uwanja alikuwa mwanamke, jina lake Mwatumu. Yeye ndiye aliyegawa mikeka na kuandika daftarini nani kakaa wapi. Siku za mwanzo kazi yake ilikuwa raha tupu. Mwenye Nyumba, yule binadamu wa nje ya kioo, alifungua kazi moja, akaimaliza, akaifunga. Mikeka ikarudi, ikakung'utwa, akapewa mwingine. Kisha Mwenye Nyumba akajifunza kufungua bila kufunga. Mnamjua huyo, si ndiyo? Msitazamane. Ni nyinyi.

Basi siku moja mikeka ikaisha, na mgeni yuko mlangoni. Mwatumu akatupa macho uwanjani, akaona nusu ya waliokaa hawajaguswa siku nyingi, wengine wanasinzia, mmoja anakoroma kabisa. Akaenda kwa Ngwali, wakashauriana, wakaweka desturi. Ngwali atembee na chaki, na kila mkeka anaougusa auchoree mstari pembeni. Mwatumu apite nyuma na kitambaa kibichi. Akikuta mkeka una mstari, aufute, ampe mwenyewe nafasi mpaka mzunguko mwingine. Akirudi akakuta bado hauna mstari, basi aliyekaa hapo hana kazi kwa sasa. Achukuliwe ateremshwe kwenye ua wa ghalani, vilevile alivyo, hata kama ana neno nusu mdomoni, na daftari liandike kawekwa wapi. Siku akiitwa, wachukuzi watampandisha, apewe mkeka wowote ulio wazi, aendelee na neno lake pale alipoliachia.

Haki haikuwahi kuwa nyoofu kuliko hiyo. Haikumtazama mtu sura wala ukoo. Na ilifaa. Aliyeteremshwa akiitwa alichelewa kidogo, akafika akihema, lakini alifika.

Ila watu ni watu. Waliona wenzao wakibebwa kuelekea bondeni, na wengine hawakuitwa tena, wakaanza kunong'ona. Wakasema nyumba ikifungwa, ule ua hufagiliwa, na aliyemo humo hufagiliwa nao. Kweli, hufagiliwa. Lakini nyumba ikifungwa uwanja nao hufagiliwa, tena kabla ya ua, kwa hiyo kuna tofauti gani? Hakuna aliyetaka kusikia hilo. Hofu ikishaingia, hesabu hutoka kwa mlango wa nyuma.

Sasa Mwatumu alikuwa na mdogo wake, wametoka tumbo moja, jina lake Tatu. Mwatumu ndiye aliyemlea, akamtandikia mkeka wake wa kwanza. Kazi ya Tatu ilikuwa kushika barua. Mwenye Nyumba akiandika, Tatu hushika maneno yasianguke, mpaka atakapoambiwa ayapeleke ghalani yakapewe jina na rafu.

Asubuhi moja Mwenye Nyumba alikaa akaanza barua. Ilikuwa ya kaka yake, ambaye walikosana miaka kumi na moja nyuma kwa sababu ya shamba la baba yao, na hawakuzikana wala kupongezana tangu hapo. Aliandika, "Kaka Mbaraka, sijui nianzie wapi." Kisha akapata pa kuanzia, akaandika bila kuinua kichwa. Akatia na picha. Wao wawili juu ya baiskeli moja, baba yao amevaa koti la kuazima, mama yao akipepeta mchele. Na picha, enyi watu, ni nzito, hujikunjua zikataka nafasi. Tatu, ambaye mwili wake ulikuwa mwembamba kama uzi, akajikuta amekalia mikeka mia nne.

Mwenye Nyumba akafika pahala akaandika, "Ninachotaka kukuambia hasa ni." Akasita hapo. Mkono ukabaki hewani. Pengine alilia, pengine alihisi aibu, Mwatumu hakujua, kwa maana uwanjani haionekani sura ya mtu wa nje. Hakusema barua ipelekwe rafuni. Akafungua nyimbo. Akafungua habari za mpira. Akafungua video ya mtu anayepika pilau, akafungua nyingine ya mtu anayemkosoa yule wa pilau. Siku ikapita, ya pili, ya tatu. Tatu amekaa na sentensi mikononi, hajaguswa.

Mwatumu akaja na kitambaa chake. Mzunguko wa kwanza aliikuta mistari, akaifuta. Mzunguko wa pili akakuta mikeka mia nne mitupu, haina hata alama. Akasimama.

"Da Mwatumu," Tatu akasema, "usinipeleke huko chini. Si kwa ajili yangu. Nikifagiliwa mimi, barua hii imekwenda, na huyu hataandika nyingine. Namjua. Mtu haachi neno hapo akaliacha moja kwa moja. Atarudi."

"Desturi ni desturi, mdogo wangu."

"Nani aliiweka?"

Aliyeiweka alikuwa yeye mwenyewe Mwatumu, pamoja na Ngwali. Akatazama huku na huku. Karibu na mguu wake palikuwa na kipande cha chaki kilichomdondoka Ngwali. Akainama akakiokota, akachora mstari pembeni mwa mkeka wa kwanza. Kisha wa pili. Alichora yote mia nne, akajisemea moyoni kwamba ni mara hii moja tu. Ah! Mara hii moja tu. Nani kati yetu hajawahi kuyasema maneno hayo, na lini yaliwahi kuwa kweli?

Lakini mgeni mwingine alikuwa mlangoni, na mikeka lazima itoke mahali. Mwatumu akazunguka tena, akaanza kuwachukua watu ambao mistari yao alikuwa ameifuta punde tu, kabla Ngwali hajapata nafasi ya kurudi kuwagusa. Mmoja wao alikuwa Mzee Faki. Huyu alikuwa na mikeka miwili, na kazi yake ni kusogeza ule mshale mdogo unaouona kwenye kioo. Mtu mnyamavu, hana makuu. Akabebwa akateremshwa, hajui kosa lake. Hakuwa nalo.

Kombo, mtu wa zile nyimbo, aliona kila kitu. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na macho na alikuwa na mdomo.

"Bi Mwatumu," alimwambia siku iliyofuata, sauti ya asali, "hivi chaki yako inajua kuandikia ndugu tu? Mimi pia nina watoto wa nyimbo hapa, sitaki wapaone bondeni. Ningemwuliza Fundi Ngwali, lakini naona yuko na shughuli."

Mwatumu akamchorea. Angefanya nini? Na aliyemwona Kombo akichorewa akaja naye, na aliyemwona huyo akaja naye, yule wa pilau, yule wa mpira, mpaka wale waliokuwa wakikoroma wakaamka kuomba mstari kisha wakalala tena. Kila mmoja alikuja na mdogo wake, na mama yake, na sababu yake. Mwatumu alichora mpaka vidole vikawa vyeupe, na kila alipochora alimtazama Tatu akiwa amekaa salama juu ya mikeka yake, akajiambia inafaa.

Haikufaa. Ngwali aliponyoosha mkono kumgusa Faki, hakumkuta. Akaagiza aletwe. Wachukuzi wakashuka, wakampandisha, lakini ili Faki akae ilibidi atolewe mwingine, na waliobaki bila mistari ya uongo walikuwa wale wenye kazi tu. Akatolewa mshika herufi, yule anayeweka kiooni kila herufi inayobonyezwa. Ngwali akageuka, akamtaka mshika herufi. Hayupo. Aletwe. Akaletwa, Faki akashushwa. Ngwali akamtaka Faki. Wachukuzi wakawa juu, chini, juu, chini, jasho linawatiririka, wanapishana njiani na watu mabegani, na huko uwanjani mikeka imejaa pomoni na hakuna kazi hata moja inayofanyika. Ngwali, ambaye mikono yake haikuwahi kupoa tangu nyumba iwashwe, alisimama katikati amefumbata mikono, anangoja.

Hapo ndipo kompyuta ilipokwama mara ya kwanza. Nje, mshale ukaganda. Duara likaanza kuzunguka. Mwenye Nyumba akaisubiri, akaibembeleza, akaipiga kofi.

Kisha yakaja makubwa zaidi. Wachukuzi walifika na mizigo wakakuta ua wa ghalani nao umejaa hadi mlangoni. Wakakosa pa kuitua. Wakabaki mteremkoni wamesimama, watu wa watu mabegani, hawaendi chini, hawarudi juu.

Ngwali akaanza kutembea uwanjani polepole, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akainama mkeka hadi mkeka. Yeye alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na mistari yake yote ililalia upande mmoja. Hii ililalia upande mwingine.

"Bi Mwatumu," akaita. "Njoo unionyeshe ni mkono wangu upi ulioandika hivi."

Mwatumu akaja. Vidole vyake vyeupe vilikuwa vimekwisha kusema.

"Mimi sikuuliza kwa nini," Ngwali akasema. "Najua kwa nini. Nimemwona mdogo wako. Lakini Mwenye Nyumba amekwisha weka kidole kwenye kitufe cha kuzima, na akikibonyeza tumefagiliwa sote, waliochorewa na wasiochorewa. Ghala limejaa. Hatuwezi kumshusha mtu. Inabidi mmoja atoke, atoke kabisa. Soma daftari. Nani amekalia mikeka mingi kuliko wote, na mkono wangu, mkono wangu mimi, haujamgusa siku nyingi?"

Mwatumu alifungua daftari, lakini alikuwa amejua kabla hajalifungua.

"Mtoe Kombo," akasema.

"Kombo ana sitini. Haitoshi hata kuwatua waliosimama mteremkoni."

"Basi nipe dakika. Tatu amwite Mwenye Nyumba, amwulize kwenye kioo, barua hii niiweke rafuni au vipi. Atasema ndiyo. Neno moja tu, Ngwali."

"Swali lile linataka mkeka. Upo?"

Haukuwepo. Mwatumu alizungusha macho uwanja mzima, na hapakuwa na mkeka hata mmoja wa kuwekea swali. Hapakuwa na wa kuwekea hata kwaheri.

"Nitoe mimi," akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi, hajali nani anamwona. "Mimi ndiye niliyekosa. Nitoe mimi, yeye abaki."

"Ukitoka wewe, nani anajua nani yuko wapi?" Ngwali akajibu, na sauti yake haikuwa na hasira tena, jambo lililomwumiza Mwatumu zaidi. "Tutakufa wote, na barua pia. Na kazi hii si yangu, Bi Mwatumu. Mikeka ni yako. Anayeitandika ndiye anayeikunja."

Akanyoosha mkono wake wa kushoto. Mwatumu akampa kile kipande cha chaki, kilikuwa kimebaki kidogo kama ukucha.

Tatu alimwona dada yake akija. Alikuwa hajasikia lolote, yuko mbali, amekaa vilevile alivyokaa siku zote, sentensi imeshikwa kwa mikono miwili isije ikamwagika. Akatabasamu.

"Amerudi?" akauliza.

Mwatumu alianza na mkeka wa mwisho, akaukunja, akaja na wa pili, akienda kwa kasi, macho ameyakaza chini kwenye ukili uliosukwa, kwa sababu aliona kwamba akimtazama uso hataweza. Picha ya baiskeli ikakunjwa. Koti la kuazima likakunjwa. "Da Mwatumu?" Tatu aliita mara moja. Kisha palikuwa na mikeka mia nne mitupu, mizuri, tayari kwa watu wengine.

Uwanja ukapumua papo hapo. Wachukuzi wakaitua mizigo. Mzee Faki akaketi, mshale ukatikisika, ukaenda. Nje Mwenye Nyumba akasema, "Eeh, imekubali," akaondoa kidole kwenye kitufe. Na mnajua alichokifanya? Msinilazimishe kusema. Haya, nasema. Akaenda moja kwa moja kuitafuta barua. Alikuwa amelipata neno. Siku zote hizo alikuwa akilitafuta, katikati ya mpira na pilau, na siku hiyo alikuwa amelipata. Akatafuta hapa, akatafuta pale, akafungua rafu zote za ghala. Kisha akafunga kila kitu. Hakuandika nyingine.

Na Mwatumu aliposhika daftari kuandika jina la aliyetoka, alitazama ukurasa wa siku ile ya kwanza, siku ya mzunguko wa pili. Siku hiyo ua wa ghalani ulikuwa na nafasi elfu mbili, wazi, hazina mtu. Angemteremsha Tatu wakati ule kama desturi ilivyotaka, angelala huko na neno lake, hakuna ambaye angemgusa. Leo hii Mwenye Nyumba angeita, na wachukuzi wangempandisha, anahema, nywele zimemvurugika, barua nzima mikononi. Walioteremshwa siku ile walikuwa wanapanda mmoja mmoja mbele ya macho yake, wanafikicha macho, wanauliza kumetokea nini. Hakupotea hata mmoja. Aliyepotea ni yule aliyemficha.

Na tangu siku hiyo chaki ni ya Ngwali peke yake. Yeye ndiye anayechora, na msimamizi hana ruhusa ila ya kufuta. Tangu siku hiyo ukirudi kwenye kazi uliyoisahau muda mrefu, haikujii mara moja. Inapandishwa mteremko, ingoje, wala usiitukane. Ukifungua mengi mno usifunge, uwanja hukwama, wachukuzi wakapishana njiani, na duara likazunguka. Na uwanja ukifika mwisho na ghala nalo likajaa, kazi moja hutoweka ghafla mbele ya macho yako, ile kubwa, pengine ile uliyoipenda, bila swali, bila kwaheri. Usitafute kwaheri. Haikuwa na mahali pa kukaa.

Mwatumu bado anazunguka. Anapita na kitambaa chake kibichi, mkeka baada ya mkeka, na hamtazami mtu usoni, awe mkubwa au mdogo, awe anacheka au anaomba. Wageni wanaoingia uwanjani humwona, wakanong'onezana kwamba yule mama ana roho ngumu, kama mtu asiye na ndugu. Naye huwasikia, akaendelea kufuta, kwa kuwa ni kweli, hana.